Tumekupa Mji, Mwalimu Dorcas

Mwaka umetimia, Dorcas Ininahazwe, tangu ulipofumba macho asubuhi ile pale hospitali ya Kabanga. Maharage yaliyokuwa kwenye maua siku ile yamevunwa, yakapandwa, yakavunwa, na sasa yana maua tena. Kigoda chako cha jikoni hakijakaliwa na mtu. Bibi yako Theodosia hukifuta vumbi kila Jumamosi, siku uliyokuwa ukishuka kwenye basi la Kibondo.

Ulikuwa mtoto wa vitendawili kabla hujaota meno ya pili. Bibi alikulea navyo mkipepeta maharage, na mwenye kushindwa ndiye aliyeosha masufuria. Ulipokuwa msichana ukaenda kuwasaidia masista wa Kihispania pale misheni kufua na kupika, ukarudi na lugha yao nzima, kama mtu aliyetumwa maji akarudi na samaki.

Ulipoajiriwa kuifundisha lugha hiyo kidato cha kwanza na cha pili, katika shule ya kanisa kule Kibondo, watu walicheka. Mzee Athuman wa duka la vitenge alikuuliza mbele ya wateja, "Mwalimu, hicho Kihispania utaongea na nani hapa Kasulu? Na mbuzi?"

"Mzee wangu," ukamjibu, "hiyo meza unayokatia vitenge, na wao wanaiita *mesa*. Unaongea Kihispania tangu ufungue duka, hukujijua tu."

Tangu siku hiyo hakukusalimia tena kwa Kiswahili. Alikuwa akikuona ng'ambo ya barabara anaita "Ola!" kwa sauti ya muadhini. Alikuja msibani, akakaa siku zote tatu.

Darasani ulifungua kipindi kwa kitendawili, ukakifunga kwa Baba Yetu ya Kihispania. Hukumwaibisha mtoto hata mmoja. Ndimi zetu za huku huchanganya l na r, na kwa Kihispania hilo ni balaa. Mwanafunzi wako Ndayikeza alitaka kusema ana nywele ndefu, akasema ana mbwa mrefu. Darasa zima likabweka. Ukangoja watulie, ukasema, "Ndayikeza, mbwa huyo akanyolewe kabla ya Jumatatu." Mpaka leo hasahau neno la nywele.

Siku ya kukuzika, watoto hao walikusalia Baba Yetu kama ulivyowafundisha. Bibi hakuelewa neno, ila alijua pa kusema amina.

Sasa tukukumbushe lile lililobaki kati yako na Bibi, maana ndilo linalomkosesha raha.

Likizo ya Pasaka ulimtegea hiki: "Bawabu wangu ni mmoja. Kwetu hufunga mlango, kwa jirani huufungua." Bibi akasema ni upepo. Ukakataa. Ufunguo? Ukakataa. Mkwe? Ukacheka mpaka ungo ukakuponyoka.

"Nipe mji, Bibi, nikwambie."

"Mji sikupi! Vitendawili nimekufundisha mimi, leo unilipishe mji?"

"Basi kaa nacho, mke mwenzangu. Utaota nacho ndevu."

Wiki mbili hazikupita, homa ikakulaza. Siku ya tatu wodini, Bibi alikuinamia akakuuliza, "Umechoka, mke mwenzangu?" Ukafumbua macho, ukasema neno moja tu: "Si."

Bibi akashusha pumzi. Alijua unataka kusema "si sana", nguvu ndiyo haikufika mwisho. Akakufunika vizuri miguu, akatoka kukufuatia uji. Aliporudi na chupa, uji ulikuwa wa moto bado, na wewe ulikuwa umeshaondoka.

Tulipomaliza matanga, Ndayikeza alikuja na daftari lake. Jibu ulikuwa umewapa darasani wiki ile ile ya mwisho. "Bibi," alisema, "ni neno *si*. Kwetu ukisema si, umekana. Kwa Wahispania ukisema si, umekubali. Wao huliwekea alama ndogo kichwani, lakini masikioni ni lile lile."

Bibi alicheka kwanza, kwa kuwa kitendawili kilikuwa kizuri. Kisha akaweka mkono mdomoni.

Mwaka mzima sasa anajiuliza: ulimjibu kwa lugha ipi? Kama ulisema hukuchoka, alitoka kwa haki. Kama ulisema ndiyo, umechoka, basi ulikuwa unamuaga, naye akakupa mgongo akafuata uji. Baba yako Venanti amemwambia aache, Mungu anajua. Kaka yako Leonidasi amemwambia, "Bibi, mgonjwa hachagui lugha." Bibi huwaitikia wote wawili, halafu anarudi kukifuta kigoda.

Kwa hiyo leo, Dorcas, mbele ya wote wanaosoma hapa, Bibi yako amekubali kushindwa. Cha kwanza wanafunzi wako walikitegua. Hiki cha pili hana jibu lake. Mji anakupa. Anakupa Kibondo. Hutaki? Anakupa Muyama na mashamba yake. Hutaki bado? Haya, chukua Kasulu yote, na soko lake, na duka la Mzee Athuman na meza yake, na kile kigoda cha jikoni. Mji mkubwa zaidi ya huo hana. Siku mtakapoonana, umwambie wewe mwenyewe. Yeye atasikiliza, hatatoka kufuata kitu.

Unakumbukwa na baba yako Venanti, mama yako, kaka yako Leonidasi na mkewe, Bibi yako Theodosia, wanafunzi wako wa kidato cha kwanza na cha pili, na wote waliojifunza kwako hata neno moja. Ibada ya kukuombea itakuwa Jumamosi nyumbani, Kasulu. Ndayikeza na wenzake wataongoza Baba Yetu.

Na ukituuliza, Mwalimu, kama tutakukumbuka siku zote, tunakujibu wote kwa pamoja: si.

Ile ya kwako.