Kwa Tahiri wa Murembwe, Aliyenuka Chambo

Mwaka umekatika, Tahiri, tangu ututoke, na nyumba yako bado imekukasirikia. Tunaanza na hilo asije mtu akadhani tumekaa hapa kukupaka mafuta. Tutakusifu, maana sifa zako ni nyingi na ni za kweli. Lakini mkeo Batuli amesema kumbukumbu yako isifukizwe udi. Iandikwe vile ulivyokuwa, na wewe ulikuwa unanuka.

Kaka yako Asmani hakutaka. Mlizaliwa tumbo moja, mkarithi ugonjwa mmoja wa sukari kutoka kwa marehemu baba, na baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Yeye anauza vitenge sokoni Rumonge, kanzu yake imepigwa pasi hata siku za kazi, na marashi yake hufika kabla yake. Alikuja Jumatatu kupanga hitima, akaketi kwenye kochi.

"Shemeji," akasema, "tuandike alikuwa mutu musafi, mupole, Mungu alimupenda akamuchukua. Mambo ya harufu hatuandikake."

Batuli akamjibu kwamba ataandika kilichomuua mumewe, na kilichomuua kilikuwa na harufu. Wakaanza kubishana. Tutasema walivyomaliza, lakini kwanza tuseme habari zako.

Ulikuwa fundi wa vitanda, na hakuna aliyelalamikia kitanda chako kikishakamilika. Shida ilikuwa kukamilika. Mteja alikuta karakana imefungwa kwa kamba, nawe uko msitu wa Kigwena unaigiza sauti za nyani mpaka wanakujibu, au uko mdomoni mwa mto Murembwe na rafiki yako Leonsi mnavizia kambale. Kuna maharusi wa Muhuta waliolala chini juma zima kwa ajili yako. Ulipowapelekea kitanda uliwaongezea kambale wawili wakubwa, ukawachekesha mpaka bwana harusi akakusindikiza barabarani.

Sukari haikukufungia ndani. Dawa yako ya sindano uliibeba kwenye kijungu cha udongo kilichofunikwa kitambaa chenye maji isipate joto, ukajidunga tumboni juu ya majabali huku Leonsi akigeuza uso. Wagonjwa wenzako waliojifungia majumbani uliwagongea milango, ukawatoa, ukawapandisha milima ya kuelekea Bugarama kwa miguu, wakarudi hoi wanacheka. Mama mmoja alituambia msibani kwamba kabla yako alikuwa anangoja kufa tu.

Lakini chambo chako, Tahiri. Kambale hupenda kilichooza, na wewe hukumnyima. Matumbo ya kuku yaliyolala juani, dagaa wa ziwani, zile ndagala, zilizoharibika, nyungunyungu waliovimba, vyote ulivijaza kwenye kopo la maziwa ukalifunga kwa kipande cha plastiki. Kopo hilo ulilipanga kikapu kimoja na kijungu cha dawa. Siku moja lilimwagikia kwenye beseni la mchele wa Idi uliokuwa umelowekwa. Funza wakaelea juu, nawe ukachuchumaa ukawaopoa mmojammoja kwa vidole, ukasema mwaka huu pilau imejipatia nyama yenyewe. Batuli alitapika palepale uani. Hata leo akisimulia hukunja uso, na tunaomsikiliza tunaweka vijiko chini.

Basi akaweka sheria kwamba mwenye kopo halali kitandani. Ukirudi na chambo, mkeka wako uko baraza ya nyuma. Mwanzoni ulinung'unika, ukabembeleza, ukaoga kwa limau. Miezi yako ya mwisho hukunung'unika tena. Ulirudi jioni na buti zako za mpira, ukasimama mbali kwenye ua, ukainua kopo juu alione.

"Usikaribie," Batuli alikuambia. "Unanuka sawa kitu ilikufa."

"Iko chambo tu, mama Riziki. Ya leo iko kali."

"Na hizo buti? Vua inje."

"Chambo imemwangika mpaka mu buti. Acha, nitaziosha mwenyewe."

Naye akaziba pua kwa upindo wa kitenge, akakusukumia sahani yako kwenye kigoda, akarudi ndani.

Siku ulipoanguka karakanani, homa imekupanda mpaka unamwita marehemu baba, ni Batuli aliyekuvua buti. Hatutaandika yote aliyoyaona. Soksi ilitoka na ngozi. Vidole viwili vilikuwa vyeusi, unyayoni pana shimo, na ndani ya shimo walikuwamo funza ambao hawakutoka kwenye kopo lolote. Binti yako Riziki alikimbilia nje. Batuli aliupakata ule mguu mpaka gari likaja. Lopitali daktari akauliza kidonda kina muda gani, mkeo akasema hakujua kama kipo, na daktari akamtazama kama mtu anayemtazama mke wa ovyo. Sumu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu. Hukurudi nyumbani ila kwa kuzikwa.

Baada ya mazishi Batuli akaenda kulitupa kopo. Alilifungua ameziba pua, akakuta kavu. Ndani mlikuwa na utando wa buibui na ndoano moja yenye kutu. Akaagiza Leonsi aitwe. Leonsi alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, hana maneno ya kuzunguka.

"Shemeji, Tahiri hakuvua samaki tangu Ramadhani," akasema. "Alikuwa anakaa juu ya jiwe ananiangalia mimi nikivua. Nikimuuliza chambo kiko wapi, ananiambia leo amepumzika. Ile harufu mimi nilijua ni ya kopo."

Kumbe lilikuwa kopo tupu ulilomwinulia kila jioni. Ulijua tukigundua tutakupeleka kwa daktari, na daktari atakulaza, pengine atakata. Ukaona heri miezi michache ya Kigwena na Murembwe kuliko miaka ya kukaa kwenye kiti. Pua ya mkeo ukaifanya komeo la mlango, ukajifungia nje ukioza na ukicheka. Hilo linatuchefua mpaka leo, Tahiri, na tunaliandika kwa kinyaa. Funza wa mchele wa Idi tulikusamehe zamani.

Sasa turudi kwa kaka yako Jumatatu ile. Wakiwa katikati ya ubishi, Batuli alileta chai isiyo na sukari, akainama kuiweka kwenye stuli iliyokuwa karibu na miguu ya Asmani. Marashi yalikuwa makali kuliko siku zote, yanawasha macho. Chini ya marashi palikuwa na harufu nyingine. Batuli aliijua. Alilala nayo ukuta mmoja tangu Ramadhani ile mpaka siku ulipoanguka.

"Shemeji, vua soksi."

"Nini?"

"Vua soksi, niangalie muguu."

Asmani akacheka kwa adabu. "Hiyo haiko heshima. Weye ni muke ya ndugu yangu. Na mimi si mutu ya kushika-shika nyungunyungu. Mimi naoga asubui, saa sita na magaribi."

"Mutu anaoga vile, ya nini anajimwangia chupa muzima?"

Kaka yako akainuka aondoke. Batuli akamtangulia, akaketi kwenye kizingiti, akanyoosha miguu kuziba mlango. Mama yako Mwasiti alimkemea kwamba anamvunjia heshima mkubwa wa nyumba. Hakusogea.

"Mumoja nilimufukuza alale inje," akasema. "Weye sitakufukuza."

Asmani alisimama mbele yake akitazama barabara juu ya kichwa chake. Kisha akaketi sakafuni na kanzu yake nyeupe. Soksi ya kushoto ilikuwa imegandamana. Batuli aliilowesha kwa maji ya vuguvugu, akaivuta taratibu. Kisigino kilikuwa kimepasuka, usaha umejaa, na ndani ya ufa pameshindiliwa pamba iliyochovywa marashi. Akainama akakinusa karibu kabisa, kama mwanamke anayenusa samaki wa muuzaji asiyemwamini. Hakuziba pua wala hakugeuza uso.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Muke wako anajua?"

"Analala na batoto. Nilimwambia niko na mafua, isimwambukize."

Leonsi alileta pikipiki, wakampeleka mchana uleule, Batuli nyuma kabisa akimshikilia asianguke. Wamemkatia nyama iliyokufa, wamemwosha, na daktari amesema mguu utabaki. Mkewe yuko naye, anamsafisha kidonda asubuhi na jioni, na kila akikisafisha anamtukana, jambo ambalo tumeambiwa linamsaidia kupona. Juzi alitutumia ujumbe kuhusu tangazo hili: "Andikeni yote. Hata ya funza."

Tumeandika. Litasomwa baada ya dua, kisha litabandikwa mlangoni pa karakana yako ambapo wagonjwa wenzako hupita. Wakisoma, warudi nyumbani wakavue viatu mbele ya mtu.

Wanaokukumbuka ni mkeo Batuli, binti yako Riziki, mama yako Mwasiti, kaka yako Asmani kutoka kitandani lopitali, na rafiki yako Leonsi ambaye bado anakwenda Murembwe peke yake. Hutatutoka moyoni siku zote tulizobakiwa nazo. Batuli ameomba neno la mwisho liwe lake, na tumeliandika kama alivyolisema:

"Tahiri, ungenionyesha tu. Ningetapika, halafu ningekuosha."