Baka Jeusi Ubavuni

Mjukuu wangu Hawa,

Salamu zikufikie huko Nairobi ukiwa mzima. Goti la nyanya yako limepata nafuu, na hapa Garsen mto umerudi mahali pake, alhamdulillahi.

Umeniuliza naona nini katika ile picha yako nyeusi na nyeupe, uliyosema si picha ya kitu chochote, ni kivuli tu ukutani. Mimi nimeona ubavu wa ng'ombe, tena ng'ombe ninayemjua.

Sisi wafugaji hatuhesabu ng'ombe. Jioni wakiingia zizini tunatazama rangi zao, na asiyekuwepo tunamjua. Nilipokuwa kijana, siku tuliyowavusha mto karibu na kijiji cha Wema, jioni baba aliniweka mlangoni mwa zizi nitazame. Nikamwambia, "Baba, wote wamo." Hata yule mweupe mwenye baka jeusi nilimwona akipita, na kengele yake ya mti nikaisikia.

Kaka yangu akaanza kulia. Mchana ule mamba alikuwa amemchukua ng'ombe yule mbele ya macho yake, na alikuwa bado hajathubutu kusema.

Baba hakunikaripia. Alisema tu, "Jicho lako bado halijaambiwa."

Sikatai kwamba ni kivuli, maana wewe ndiye uliyekuwepo. Lakini baka ni lile lile, limechanika upande wa chini kama sikio. Niambie kitu kimoja, mama: ulipokuwa unaipiga picha hiyo, hukusikia kengele?

Babu yako