Nafasi ya Mtama wa Zamani

Mjukuu wangu Neema,

Tangu ujana najiuliza: nafasi tupu ni hasara au akiba? Hapa Ikungi tu wazima, babu anakusalimu.

Unauliza diski za seva, ile kompyuta ya kutunzia taarifa hospitalini kwenu, ziwe kubwa kiasi gani, zisije zikajaa na kukataa taarifa za wagonjwa. Mama yangu aliposuka kihenge cha kuhifadhia mtama kikubwa kuliko mavuno, wifi yake alimtania, "Wifi, unahamia humo?" Mama akacheka. "Mtama mpya haumwagwi juu ya wa zamani. Wa zamani utakaa wapi?"

Labda nawe uzitengee nafasi taarifa za zamani.

Ila mtama tuliula, nafasi ikarudi. Taarifa za mgonjwa haziliwi, na sijui nani ana haki ya kuzifuta. Hapo kihenge cha mama hakinisaidii.

Bibi yako