Niliandika "Hai"

Hyasinta, uko? Usinipigie, nalia, watanisikia.

Asubuhi nilikuwa nalisha samaki hapa maabara kama ninavyofanyaga kila siku. Dokta Mwikwabe akaingia na daftari langu. "Binti, sato wa tanki la nne wameponaje kwenye dawa ya josho la ng'ombe?"

Si nilikuambia tunapima sumu ya dawa ileile kwa njia mbili? Kwa samaki wazima, na kwa seli za samaki tunazootesha kwenye visahani. Majibu yakilingana, njia ya seli itakubaliwa na hatutaua samaki tena. Sasa seli zote zimekufa, na samaki mimi niliandika "hai".

Hai!

Boniphace, fundi wetu, akacheka: "Dokta, sato wa Musoma wamebatizwa, hawafi!"

Dokta hakucheka. "Basi njia ya seli imeshindwa. Naandika barua leo tuiache. Bhoke, una la kuongeza?"

Nikasema hapana. Hyasinta, nilisema hapana!

Juzi niliwaona wanatweta juu ya maji, nikashindwa kuvumilia. Nikawahamishia kwenye ndoo ya maji safi, chini ya sinki. Walikuwa hai kweli, ila kwenye ndoo! Kwa huruma ya sato sita, nikawa naharibu kazi ya kuwaokoa wote.

Dokta akageuka kwenda kuandika, akafika mlangoni. Ndoo ikarusha maji, chubwi!

"Nini hicho?"

Aibu ilinifunika hadi masikio. "Ni wao, Dokta. Niliwatoa kabla hawajafa. Seli hazikukosea. Nimekosea mimi."