Kode ya Fortunat

Ilias ndugu yangu, leo asubuhi mulango wa kiwanda umefunguka na namba ya siri, kode ya Fortunat. Fortunat! Ule tulimuzika mwezi uliopita!

Walinzi wakakimbia na bunduki. Wakamukuta Irène, muke wa Fortunat, na watoto wamejificha nyuma ya mashini. Masasi ya bunduki ilikuwa inalia kule kwao nyumbani.

"Alinipa hiyo kode mbele ya kufa," Irène anasema. "Alisema kuta za hapa ni ngumu, masasi haipite."

Patron, mukubwa wa kiwanda, akanigeukia: "We injenia, kila siku unasema sekirite, usalama! Futa kode za wafu!"

Na ni kweli, Ilias, ni mi nilikuwa nasema vile. Kufuta ni kubonyeza mara mbili tu. Mara mbili!

Irène akaniangalia.

Nikamuambia patron: "Apana, haiwezekane. Hii mashini ya mulango ni ya zamani, haijue kusahau mutu."