Karatasi Haina Unene

Nyakwara, mjukuu wangu Atieno,

Hapa Oyugis tuko salama. Goti la nyanya yako limepona na ameanza tena kugombana na kuku. Mimi nimekasirika, na aliyenikasirisha ni wewe.

Unauliza kama Mutua, fundi wenu, ndiye aliyeharibu faneli ya mashine ya posho. Kompyuta yako ililinyoosha umbo likawa bapa, mkakata bati, Mutua akalikunja, kingo zikakataa kukutana. Sasa bosi anataka kumfukuza.

Nikiwa kijana fundi bati, tulizungushia karatasi ya mfuko wa simiti kwenye kigogo chenye umbo la faneli, tukaikata, kisha tukaitumia kuchorea bati. Siku moja yakaja mabati mazito, nami nikatumia karatasi ile ile. Owino, fundi mwenzangu, alipokunja, ukabaki mwanya wa vidole viwili. Nikamwambia tajiri wetu, "Huyu hajui kukunja." Owino akafukuzwa, akaenda kuchimba dhahabu Macalder. Ya huko siandiki.

Wiki iliyofuata nikakunja mwenyewe. Mwanya ule ule. Karatasi haina unene, bati linao, na bati nene likizunguka linataka urefu zaidi. Nilielewa, nikanyamaza.

Nilipoenda Macalder kumwambia Owino ukweli, nilikuwa na mvi. Akasema, "Nilijua siku ile ile. Nilikuwa nangoja wewe useme."

Fungua hiyo kompyuta uone uliandika unene gani. Jibu usiniletee mimi, mpelekee bosi wako leo. Mutua anangoja.

Babu yako