Mwano Ambao Sikuuitikia

Kwako Baba,

Mwangaluka. Najua karatasi hizi zitakufikia jioni, maana kila kinachotoka Bariadi hufika kwetu Lingeka jioni, lakini mimi naziandika asubuhi kabla ya kuingia zamu, kwa hiyo pokea salamu ya asubuhi. Mguu wako unaendeleaje? Mayu aliyenizaa aliniambia umeacha dawa za hospitali ukarudia mizizi yako, nami sina ubavu wa kubishana na mtu aliyekuwa ntemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji, miaka yote ile. Tumia vyote viwili. Ng'ombe wanapata maji? Pamba imetoka, au wadudu wameshiba kabla yenu? Mimi mwili ni mzima. Nakula na kazi naenda. Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Utauliza kwa nini niandike wakati simu ipo. Simu yako, baba, unaiweka sauti ya juu katikati ya uwanja, hata wapita njia wanasimama kunisalimia. Mara tatu nimepiga nikiwa nimeazimia kusema, na mara tatu nimeishia kuuliza habari za mvua. Ndiyo maana nampa barua mpishi wa kambi yetu, mtu wa Maswa anayekuja likizo. Ataiacha kwa shangazi pale Bariadi, naye ataituma. Isome kwanza peke yako, ukiwa umekaa.

Ni habari ya Jilala, mwenzangu wa kijijini na kazini. Mlipoletewa mwili wake mlielezwa kwamba aliuawa na gesi akimwokoa mwenzake, na kwamba mimi nilikimbia kumwokoa yeye. La kwanza ni kweli. La pili nililisema mimi mwenyewe kwa simu, siku ile mama yake, mayu Milembe, aliponiuliza kama mwanawe alikufa peke yake. Nilimjibu: "Nilikuwa naye, mayu. Nilikimbia." Sasa nasikia amenitengea mtamba wa shukrani, nikija likizo nikabidhiwe mbele ya watu. Baba, mtamba huyo asitoke zizini. Sikumkimbilia.

Ili uelewe, lazima nikueleze kazi yetu, ambayo sijawahi kuimaliza kuieleza kwa sababu kila nikianza unaniuliza nitaoa lini. Mafuta hayatoki ardhini yakiwa mafuta. Huku jangwani yanatoka yamechanganyika na maji ya chumvi, gesi na mchanga, yote kwa nguvu moja. Kando ya visima kuna tangi refu la chuma lililolazwa ubavu, sisi tunaliita sepereta. Mchanganyiko unaingia upande mmoja, unagonga bamba la chuma, unapungua mbio, halafu unaachwa utulie. Gesi inapanda juu na kushika bomba lake. Maji ni mazito, yanakaa chini. Mafuta yanaelea juu ya maji mpaka yanavuka ukuta mfupi ulio humo ndani na kuangukia upande wa pili. Jilala, aliyekuwa ametoka kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alielewa siku ya kwanza. Alisema ni kazi ileile, mbegu huku nyuzi kule, tofauti ni kwamba hapa ukikosea halipuki meneja peke yake.

Gesi ya visima vyetu ina sumu. Ikiwa kidogo, inanuka yai viza. Ikiwa nyingi, inaua pua kwanza, husikii harufu yoyote, na pumzi mbili tatu baadaye umelala chini. Kwa hiyo sheria ya kwanza hapa ni hii: ukiona mtu ameanguka karibu na tangi, usimkimbilie. Nenda upande upepo unakotokea, vaa barakoa yenye mtungi wa hewa, ndipo umfuate. Anayekimbilia huwa wa pili kulala.

Sheria hiyo ilifundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha Jilala kilikuwa cha kuombea maji tu. Mimi ndiye niliyemleta huku, na mimi ndiye niliyemtafsiria. Tulikaa nyuma darasani, mkufunzi anasema, mimi namnong'oneza kwa Kisukuma. Tulipofika kwenye sheria hiyo nikakwama. Umenilea wewe, baba. Ningewezaje kumwambia mtu wa Lingeka, kwa lugha ya mama yake, kwamba mwenzako akianguka usiende? Sijawahi kuyasikia maneno hayo kwetu. Niliona aibu, kana kwamba sheria nimeitunga mimi, nikailainisha. Nikamwambia: "Mtu akianguka usiende peke yako. Ita kwanza, twende wote." Akaitikia kwa kichwa, akasema hilo hata kwetu lipo, akaweka sahihi yake kwenye fomu ya mafunzo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua la utosi. Mnepali mmoja mpole tuliyefanya naye kazi alikuwa amefungua koki ya chini kutoa maji na mchanga. Kuna kioo ubavuni mwa tangi kinachoonyesha maji yamefika wapi, lakini siku hiyo kilikuwa kimeziba kwa mchanga, kikawa kinaonyesha maji ambayo hayapo. Maji yalikwisha, na nyuma yake ikaja gesi. Mimi nilikuwa juu ya ngazi ya tangi la pili, mwendo kama wa kutoka mlangoni kwetu hadi zizini. Jilala alikuwa anatoka stoo na spana. Yeye ndiye aliyemwona Mnepali akianguka.

Alifanya kama nilivyomfundisha. Alisimama, akapiga mwano.

Mwano wetu wenyewe, baba, ukelele wa kuitana ng'ombe wakiibwa, ule unaoanzia kifuani. Pale kazini kulikuwa na watu wa kila taifa na hakuna aliyeuelewa. Wengine waliniambia baadaye kwamba walidhani amepatwa na hofu tu. Ulikuwa unaniita mimi peke yangu. Kisha akaingia penye gesi.

Nilishuka ngazi mbio. Nilipofika chini miguu ikasimama, nikageuka, nikakimbilia sanduku la barakoa lililoko upande mwingine. Kwa hiyo ukitaka ukweli wote, nilikimbia, ila nilikimbia nimempa mgongo. Mikanda ya mtungi ule ni mingi. Niliifunga mmoja mmoja kama tulivyofundishwa, nikapima hewa, nikabana kioo usoni. Nilipomfikia Jilala alikuwa amelala juu ya Mnepali, mikono bado imemshika kwapani. Wote wawili walikuwa wamekwisha.

Kampuni ilinisifu. Walitukusanya bwaloni, msimamizi akasema bila nidhamu yangu wangekufa watatu, watu wakapiga makofi, nikapewa cheti. Na alisema kweli. Ningemkimbilia, mngepokea majeneza mawili, moja likishuka nyumbani kwako. Akili yangu inalijua hilo vizuri. Lakini sikulelewa na akili, nililelewa na wewe.

Tangu hapo sijatulia. Sepereta inafanya kazi kama kawaida. Maji yakifika kimo chake koki nyingine hufunguka yenyewe, ikatoa sauti nyembamba inayopanda kama mwano, halafu inakatika. Wenzangu wanaendelea na shughuli zao, mimi nasimama. Mara ngapi nimeshaangusha spana na kwenda hatua kadhaa kabla ya kukumbuka kwamba hakuna mtu kule. Pua nayo hainipi amani. Nanusa kila kitu, sabuni, chai, shati langu mwenyewe, nihakikishe bado inasikia. Mwezi uliopita nilishikwa na mafua, pua ikaziba, nikashinda nje kwenye jua kali kwa sababu sikuweza kujua hewa ya chumbani ni ya kupumua au ya kuua. Mpishi alinicheka, kisha akaacha kucheka, akaniletea maji. Na zipo nyakati nikiwa naoga nasikia kile kimya ambacho mtu huacha akishaita, anaposubiri kuitikiwa. Nimeshaitikia, baba. Nimepiga mwano bafuni, watu wazima wakanisikia.

Namkumbuka sana mzee Mabula siku hizi. Ng'ombe wa jirani zetu walipoibwa, mwano ukapigwa, kijiji kizima kikatoka, yeye hakuonekana. Mlipomweka kikaoni alisema alikuwa anatafuta viatu. Ukamwambia mwano hauna viatu. Akatengwa msimu mzima, hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumsalimia, mkewe akawa anachota maji peke yake wakati wengine wameshaondoka kisimani. Nilikuwa mtoto, nikakuona hodari kuliko watu wote. Sasa nahesabu kichwani ile mikanda ya mtungi na kujiuliza kama mzee yule hakuwa anasema kweli. Sikulaumu. Wewe ulilinda kijiji. Nakwambia tu ninayoyawaza.

Ninachokuomba ni hiki. Usinitetee kwa kuwa ni mwanao. Chukua wazee wawili, nenda kwa mayu Milembe, umsomee karatasi hizi zote bila kuruka mstari. La gesi mweleze taratibu mpaka aelewe, maana pale sina kosa. La tafsiri ninalo. Sheria nilikuwa nayo nzima, nikampa nusu kwa kuona haya, yeye akaifuata nusu yake mpaka mwisho. Mkiamua nitengwe, nitakuja nitengwe. Afadhali nikae Lingeka bila salamu ya mtu kuliko kusimama mbele ya watu nikipokea ng'ombe kwa jambo nisilolifanya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeshaanza kuumbuka.

Kama atauliza mwanawe alikuwaje mwishoni, usimpambie. Mwambie nilivyoona kwa macho yangu. Alipokwisha kupiga mwano hakugeuka kunitafuta. Mtu mwenye shaka hugeuka. Yeye aliingia moja kwa moja, akijua niko nyuma yake.

Nisalimie mayu, mwambie nimepungua kidogo tu, asihangaike. Wasalimie dada zangu pacha, Kulwa na Doto, na shemeji anayetuchungia ng'ombe. Shangazi wa Bariadi mshukuru kwa kuifikisha barua bila kuifungua, kama hajaifungua. Mayu Milembe naye msalimu, lakini iwe baada ya kumsomea, si kabla.

Mwanao,
Shija